Picha ya kuagana ipigieni nje ya mlango

Mtu wa Samburu hasafiri peke yake. Awe ameitwa kazini Riyadh, anakwenda Hija au amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, safari yake huwa ya ukoo mzima. Matatu hukodishwa. Mama hukaa mbele, mkoba wa mwanawe mapajani. Wajomba na mashangazi hujaa nyuma na watoto hupakatwa. Gari hushika barabara kuu, likapita Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras, na kabla machozi ya kwanza hayajakauka limeshafika Port Reitz, kwenye uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa.

Wenzetu wa Diani na Msambweni mambo yao ni hayo hayo. Tofauti ni kwamba wao huvuka feri Likoni au hupitia Dongo Kundu.

Wakishafika, simu hutolewa. Kila mtu anataka picha na msafiri. Ya nyanya, ya mama, ya marafiki aliosoma nao, kisha ile ya wote pamoja ambayo lazima mpita njia aombwe kuipiga. Zamani alikuwako mpiga picha mmoja wa kulipwa na filamu yake ya picha 36, na kila picha ilipigwa kwa hesabu. Siku hizi kila mfuko una kamera na hakuna anayehesabu.

Sina ugomvi na picha hizo. Mkataba wa kazi za nyumbani Arabuni kwa kawaida ni wa miaka miwili, na kwa mama aliyebaki Kinango miaka miwili ni mirefu. Picha ile ndiyo atakayoitazama jioni. Tena wapo walioondoka wakicheka wakarudishwa ndani ya sanduku, na picha ya uwanja wa ndege ndiyo iliyobaki ukutani. Nani atamwambia mzazi kwamba picha haina maana?

Ninalotaka tuzungumze leo, msomaji wangu, ni hili. Picha ile ile ikipigwa hatua ishirini mbele inaweza kumtia matatani yule yule anayeagwa. Ninyi mtakaorudi Samburu jioni huenda mkakemewa tu. Lakini yeye ana tiketi ya saa ile, viza yenye tarehe zake, na safari iliyolipiwa kwa mbuzi waliouzwa. Akizuiwa saa mbili tu, ndege haimngoji.

HOFU ILIYOZALIWA KWETU

Wengi wetu hudhani kwamba marufuku ya kamera ni ukali wa askari tu, au njia ya kutafutia kitu kidogo. Wakati mwingine huwa ni hivyo, na nitalifikia jambo hilo. Lakini hofu yenyewe ina asili, na sehemu kubwa ya asili hiyo iko hapa kwetu Afrika Mashariki.

Tuanze na Entebbe. Mwishoni mwa Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa nyara na kupelekwa huko, nao Waisraeli wakaja kuwaokoa watu wao usiku wa kuamkia Julai 4. Waisraeli wenyewe wamesimulia baadaye kwamba, kabla ya shambulio, jasusi wao alikodi ndege ndogo nchini Kenya, akaenda kuruka juu ya Entebbe na kuupiga picha uwanja huo. Makomando walipotua gizani, hawakuja kubahatisha.

Baada ya hapo kuna Nairobi. Mnamo Oktoba 2000, mbele ya mahakama ya New York, Ali Mohamed, mzaliwa wa Misri aliyewahi kuwa askari wa jeshi la Marekani, alikiri kwamba mwaka 1993 alitumwa Nairobi, akaupiga picha ubalozi wa Marekani, akachora ramani na kuandika ripoti. Alisema Osama bin Laden aliitazama picha hiyo, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo lori lingeweza kupita. Agosti 7, 1998, lori lilifika. Watu 213 walikufa Nairobi, na wengine 11 wakafa Dar es Salaam siku hiyo hiyo.

Hebu fikiria, msomaji. Siku ile ya 1993 aliyemwona mtu yule barabarani na kamera yake alimwona mgeni wa kawaida tu, kama wageni wengine waliojaa Nairobi. Picha haikuwa na sura ya hatari. Ilichukua karibu miaka mitano kabla ya maana yake kujulikana.

Na sisi wa Pwani tuna yetu. Asubuhi ya Novemba 28, 2002, ndege ya shirika la Arkia la Israeli, yenye abiria 261, ilikuwa ndiyo kwanza imepaa kutoka uwanja wa Moi pale watu waliojificha karibu walipoirushia makombora mawili. Makombora yalikosa. Asubuhi hiyo hiyo bomu lililipua hoteli ya Paradise, Kikambala, na kuua watu 13 mbali na washambuliaji wenyewe. Mtu hawezi kuilenga ndege inayopaa bila kwanza kujua inapaa saa ngapi na inapaa kuelekea upande gani.

Kwa hiyo askari wa Port Reitz anapomwona kijana ameinua simu kuelekea ua wa kiwanja, hana kipimo cha kumwambia huyu anamwaga dada yake na yule ana jambo. Amefundishwa kuwashuku wote. Tusimlaumu kwa hilo.

SHERIA YASEMAJE

Disemba 1944 mataifa yalikutana Chicago na kuafikiana juu ya safari za ndege duniani. Kifungu cha 36 cha mkataba huo kinasema kila nchi ina uwezo wa kukataza au kuwekea masharti matumizi ya kamera ndani ya ndege zinazopita juu ya ardhi yake. Kwa maneno mengine, jambo hili halina sheria moja ya dunia. Kila nchi imeachiwa yake, na chini ardhini ndiyo kabisa.

Hapa Kenya tunazo sheria mbili za kukumbuka. Moja ni Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204, ambayo inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali fulani kuwa pa kulindwa, na walinzi wa hapo wakawa na uwezo wa kukupa amri na kukupekua. Ya pili ni Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187. Hiyo ndiyo yenye meno, kwani adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14.

Lakini isomwe kwa makini. Kosa hilo la miaka 14 ni la mtu anayechora au kuchukua habari za mahali palipokatazwa kwa nia ya kudhuru usalama au maslahi ya Jamhuri. Neno nia ndilo lenye uzito. Bibi aliyempiga picha mjukuu wake akiwa ameshika paspoti hana nia hiyo, na haifai mtu yeyote amtishe nayo.

MLANGO KWA MLANGO

Sasa tutembee pamoja, kuanzia pale matatu ilipoegeshwa, tuone ni wapi pa kupiga na ni wapi pa kuiweka simu mfukoni.

Maegesho ya magari na mbele ya jengo, mahali ambapo watu wote wanaruhusiwa kufika, ndipo pa picha ya kuagana. Geuzeni migongo kwenye ukuta au mti. Msiigeuze kamera kwenye kizuizi cha polisi, bunduki, wala magari ya serikali. Kama kuna bango la kamera iliyopigwa mstari mwekundu, hilo ni jibu tosha. Kama hakuna bango lakini yuko askari, muulizeni. Neno "afande, tunaweza kupiga picha hapa?" halijawahi kumgharimu mtu tiketi.

Mlango wa ukaguzi ndio mpaka. Pale kwenye mtambo wa kukagulia mizigo, picha ya mtambo au ya kioo chake inamfundisha mtu mbaya ni nini kinachoonekana na ni nini kisichoonekana. Hata Marekani, ambako wakaguzi wa abiria humruhusu mtu kupiga picha foleni ya ukaguzi maadamu hazuii kazi, kioo cha mtambo hakiguswi na kamera.

Meza za uhamiaji na forodha ni pakali zaidi. Huko Uingereza na Marekani mabango ya kukataza simu na kamera yametundikwa papo hapo wanapokagua paspoti. Msafiri wetu anayefika ugenini kwa mara ya kwanza hutaka sana kuwaonyesha wa nyumbani kwamba amefika. Basi aseme kwa maneno, akishatoka nje.

Uwanjani penyewe, yaani kule ndege zilikosimama, kishawishi ni kikubwa. Katika viwanja vidogo kama cha Ukunda, pale Diani, abiria hutembea kwa miguu mpaka kwenye ndege. Mtu akirudi kinyumenyume ili ndege yote iingie kwenye picha, hajui nyuma yake kuna gari la mizigo au rafadha inayozunguka, na rafadha ikizunguka kwa kasi macho hayaioni. Hapo marufuku si ya majasusi, ni ya kukuokoa maisha.

Kuna pia ndege za jeshi. Viwanja vingi vya dunia hutumiwa na raia na wanajeshi kwa pamoja. Entebbe ni mmoja wao. Ukiiona ndege isiyo na madirisha ya abiria au iliyopakwa rangi za kijeshi, iangalie kwa macho tu.

Hata ukiwa umekaa kitini, ule mkataba wa Chicago bado uko nawe. Wagonjwa wengi kutoka Pwani huenda India kutibiwa, kwa hiyo mfano wa huko unatuhusu. Mnamo Mei 2025, baada ya mapigano na Pakistan, wakuu wa usafiri wa anga wa India waliagiza kwamba ndege za abiria zinazotumia viwanja vya kijeshi, hasa vilivyo karibu na mpaka wa magharibi, zifunge vifuniko vya madirisha zinapopaa mpaka zifike futi 10,000, na vivyo hivyo zinapotua. Picha kupitia dirishani zikapigwa marufuku. Mfanyakazi wa ndege akikuambia ufunge dirisha, funga. Hakuchukii.

ARABUNI NI JAMBO JINGINE

Vijana wetu wa Kwale wengi huenda nchi za Ghuba, kwa hiyo napenda nikae hapo kidogo. Huko hatari si ya majengo peke yake. Hatari nyingine ni sura za watu.

Katika Falme za Kiarabu, sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2021 inamhukumu mtu anayewapiga picha wengine bila idhini yao na kuingilia faragha yao, hata mahali pa hadhara. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi sita, au faini ya dirham 150,000 hadi 500,000, au vyote viwili. Hiyo faini ya chini peke yake ni zaidi ya shilingi milioni 5 za Kenya. Saudia nayo ilitoa kanuni za adabu za hadharani mwaka 2019, na kumpiga mtu picha bila ruhusa ni mojawapo ya makosa yenye faini.

Sasa mfikirie binti aliyetua Dubai alfajiri, mgeni wa kila kitu, anayepiga video ya ukumbi kwa furaha ili aitume kwenye kikundi cha WhatsApp cha nyumbani. Nyuma yake kuna familia imekaa, mama wa watu na binti zake. Yeye hakuwaona. Baba yao amemwona. Kwetu jambo hilo lingeisha kwa "samahani, mzee". Kule linaweza kuishia kituoni, kabla hata hajaonana na mwajiri wake.

Na asifikiri kwamba weupe wa ngozi humwokoa mtu. Mnamo Februari 2015 Waingereza watatu ambao starehe yao ni kutazama ndege na kuandika namba zake walikamatwa karibu na uwanja wa Fujairah, katika Falme hizo hizo. Walikaa rumande karibu miezi miwili ndipo wakaachiliwa. Ikiwa wale, wenye serikali ya kuwapigia kelele na magazeti ya kuwaandika, walikaa miezi miwili, kijana wa Samburu asiyejua Kiarabu atakaa mingapi?

UKALI UNAPOPITA KIASI

Hata hivyo, haki ni mizani na ina pande mbili. Serikali nazo hukosea.

Huko Ugiriki, Novemba 2001, wapenzi wa ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, walikamatwa katika uwanja wa kijeshi wa Kalamata ambako kulikuwa na maonyesho ya ndege. Waliitwa majasusi. Aprili 2002 wanane walihukumiwa vifungo vya miaka mitatu na sita wakapewa mwaka mmoja mmoja wa nje. Walikata rufani, na Novemba mwaka huo wote wakaonekana hawana hatia. Mwaka mzima wa maisha ya watu ulipotea kwa sababu afisa hakuamini kwamba mtu mzima anaweza kufurahia namba za ndege.

Kwetu nako, ukali wa kamera usitumiwe kufunika aibu. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, uwanja wa Jomo Kenyatta uliingia gizani kwa saa kadhaa. Wananchi walijuaje? Abiria walipiga picha kwenye giza lile wakazisambaza. Waziri aliomba radhi, na mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaachishwa kazi. Picha hizo hazikumfundisha gaidi jambo lolote. Ziliwafundisha wenye nyumba kwamba nyumba yao inavuja.

Tena kuna ile tabia ya askari mmoja mmoja kuichukua simu ya mwananchi na kumtisha kwa "miaka 14" hadi mfuko ufunguke. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema anayekamatwa aelezwe upesi sababu ya kukamatwa kwake, tena kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa siku si ya mahakama. Yajue hayo, uyaseme kwa upole. Ukiambiwa ufute picha, ifute mbele yake, uombe radhi na uende zako. Ukidaiwa pesa, uliza ni kosa gani na risiti ni ya nani. Mara nyingi swali hilo huchosha mjadala.

YA KUFANYA KABLA YA SAFARI

Ukiwa nje ya nchi na mambo yakaharibika, kumbuka namba 36 kwa mara ya pili. Kile cha Chicago kinaipa nchi uwezo wa kukukataza kamera. Kifungu cha 36 cha mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu kazi za kibalozi kinakupa wewe haki, ukikamatwa ugenini, ya kutaka ubalozi wa nchi yako uarifiwe bila kuchelewa. Omba hilo kabla ya kutia sahihi karatasi usiyoweza kuisoma. Kenya ina balozi Riyadh, Abu Dhabi, Doha, Kuwait na Muscat. Namba zao ziandikwe kwenye karatasi na zitiwe katika soksi ikibidi, maana simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Usipige picha ya tiketi yako na kuitangaza. Ile namba ya nafasi na ile michirizi ya kusomwa na mashine humwezesha mtu mwingine kuingia katika safari yako, akaibadilisha au akaifuta. Furaha yako ya saa moja isimpe mwizi ufunguo.

Picha zilizo muhimu kuliko zote hazipigwi uwanja wa ndege hata kidogo. Hupigwa nyumbani, mezani, siku moja kabla. Ipige picha paspoti, kurasa zile za sura na viza. Upige picha mkataba wa kazi, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jina na anwani ya mwajiri na ya wakala aliyekupeleka. Zitume kwa mama na kwa ndugu mwingine mmoja mwenye simu nzuri, na nakala za karatasi ziwekwe ndani ya Kurani, Biblia au sanduku la nguo. Wengi wamenyang'anywa paspoti walipofika kwa waajiri, na jamaa zao walipokwenda kuomba msaada wakaulizwa jina la mwajiri, wakakosa jibu. Walikuwa na picha 40 za kuagana na hawakuwa na hata moja ya mkataba.

OMBI KWA WAKUU

Nao wanaosimamia viwanja vyetu nina neno kwao. Mzee aliyechunga ng'ombe Taru maisha yake yote anaweza kuwa hajawahi kuona mchoro wa kamera iliyopigwa mstari. Andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kabla ya mlango na si baada yake: "Mwisho wa kupiga picha ni hapa." Sheria isiyosomeka ni mtego, na mtego huwanasa wasio na hatia kabla ya wenye hatia.

Kisha tupeni mahali. Wazee wa Nairobi wanakumbuka jinsi familia zilivyokuwa zikienda Embakasi siku za Jumapili, zikasimama pale pa kupungia mkono na kutazama ndege zikipaa. Zama zile zimepita, na baada ya 1998 na 2002 hakuna anayedai zirudi kama zilivyokuwa. Lakini ukuta mmoja nje ya jengo la abiria, uliopakwa rangi nzuri na kuandikwa "Mombasa", mbali na mitambo na bunduki, hauigharimu serikali kitu kikubwa. Watu wangepiga picha hapo wakatosheka, askari wakapumua, na msafiri akaingia ndani simu ikiwa mfukoni.

Mpaka ukuta huo utakapojengwa, mti wowote ulio nje ya uzio unatosha. Mwagieni msafiri dua zenu hapo, mpigeni picha hapo, kisha mwacheni aende na mikono mitupu.